Siga ya Kuba: Kuichagua, Kuikata, Kuiwasha na Kuionja Hadi Mwisho

Siga nzuri ya Kuba, ule msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku, huharibiwa na mambo mawili, joto na unyevu, na yote mawili yako mikononi mwa anayeivuta. Ikikauka, inaungua mbio na kuchoma ulimi. Ikilowa, inaziba na kuzimika kila mara. Ukiivuta kwa pupa, mafuta ya jani yanaungua kabla hayajatoa harufu, na kinachobaki mdomoni ni uchungu. Karibu kila hatua iliyomo humu, tangu dukani hadi kisahani cha majivu, ni namna ya kulinda siga dhidi ya mambo hayo mawili.

Kwanza neno la ukweli. Tumbaku inadhuru, na siga nayo ni tumbaku. Moshi wa siga haumezwi, lakini mdomo, ulimi na koo havisalimiki, na saratani za sehemu hizo zinajulikana kwa wavutaji wa siga. Nikotini nayo hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo bila kungoja mapafu. Haya yameandikwa kwa mtu mzima aliyekwisha kuamua mwenyewe, na anayetaka kuvuta chache kwa makini kuliko nyingi kwa mazoea.

Kilichofungwa ndani

Majani ya siga bora za Kuba hutoka zaidi Pinar del Río, magharibi ya kisiwa, katika eneo la Vuelta Abajo, hasa mashamba yanayozunguka miji ya San Juan y Martínez na San Luis. Aliyekulia Tabora au Urambo ataelewa upesi tofauti iliyopo. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani kwa joto la moto, kwa siku chache, na sukari ya jani hubaki. Jani la siga hutungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani ya banda, likaachiwa hewa tu kwa siku 50 hivi. Kisha majani hurundikwa, rundo likapata joto lake lenyewe kama samadi inavyopata, likatoa amonia na ukali. Kazi hiyo ya rundo ndiyo inayoleta ladha ya kakao, ngozi na asali, bila mtu kutia marashi wala sukari.

Siga moja ina majani ya aina tano. Nje kabisa kuna capa, jani laini la kuvalisha, lililokuzwa chini ya vitambaa vinavyopunguza jua. Chini yake kuna capote, jani la kufungia. Ndani mna tripa, mchanganyiko wa majani matatu: volado, la sehemu ya chini ya mche, linaloshika moto kwa urahisi, seco, la katikati, lenye harufu, na ligero, la juu, lililopigwa na jua zaidi, nene, lenye mafuta na nguvu. Ligero huungua polepole, kwa hiyo msokotaji huliweka katikati kabisa. Lishike hilo akilini, maana jani hili likikaa pembeni ndipo siga inapoungua upande.

Upande wa mdomoni huitwa kichwa, wa kuwashia mguu. Ishike siga karibu na dirisha na uizungushe polepole mbele ya macho. Kichwani utaona mistari miwili au mitatu myembamba kama unywele, imezunguka moja juu ya nyingine: ni vipande vya jani la capa vilivyobandikwa kwa mkono kwa gundi ya mimea. Hiyo ndiyo kofia. Mstari wa chini kabisa ndio mpaka wako wa kukata.

Kuchagua

Ukubwa hutajwa kwa urefu na kwa cepo, yaani kipenyo kinachohesabiwa kwa sehemu ya 64 ya inchi. Cepo 50 ni karibu milimita 19.8, cepo 42 ni kama milimita 16.7. Umbo na ukubwa kwa pamoja huitwa vitola. Tofauti hii si ya urembo. Siga nene hutoa moshi wa baridi zaidi na inasamehe makosa. Nyembamba hupata joto upesi na inataka mkono mtulivu.

Kwa mwanzo, Montecristo No. 4 (milimita 129, cepo 42) ni mwalimu mzuri: dakika 35 hadi 45, nguvu ya kati kuelekea juu, inapatikana kwingi. Anayetaka kitu chepesi zaidi achukue Hoyo de Monterrey Epicure No. 2, ambayo ni robusto, umbo fupi na nene, ya milimita 124 na cepo 50, akatenga saa nzima. Mwenye nusu saa tu ana H. Upmann Half Corona, milimita 90, cepo 44. Partagás na Bolívar ziache kwanza. Ni siga nzito, na anayeanza nazo mara nyingi huishia kichwa kuzunguka, akadhani siga zote ziko hivyo. Lancero ya Cohiba, milimita 192 na cepo 38 tu, ni ya mtu aliyekwisha kutawala pumzi yake. Usinunue Churchill ya milimita 178 kama huna saa moja na nusu ya kukaa, maana siga iliyokatishwa njiani haifai kesho yake.

Siga bandia ni nyingi, na Cohiba ndiyo inayoigwa kuliko zote. Kasha halali lina muhuri wa serikali wa kijani na nyeupe wenye nambari. Chini ya kasha yamechomwa, si kuchapwa kwa wino, maneno Habanos s.a., Hecho en Cuba na Totalmente a mano. Herufi za siri za kiwanda na mwezi wa kufungwa kwa Kihispania, kama vile ABR au NOV, na mwaka, ndizo hupigwa muhuri wa wino. Kasha lenye mfuniko wa kioo halitoki kiwanda cha Kuba, hata muuzaji aape. Fungua uangalie rangi: safu yote iwe ya rangi moja, zikipishana kidogo tu toka iliyokoza kuelekea iliyofifia. Tazama mguu: majani marefu yaliyokunjwa ni dalili njema, makapi yaliyokatwakatwa kama tumbaku ya kiko ndani ya pete ya karatasi ya Cohiba ni utapeli. Bei ya chini sana nayo ni jibu tosha.

Aliye Marekani ajue kwamba vikwazo vya biashara vya Februari 1962 bado vipo, na tangu Septemba 2020 msafiri haruhusiwi tena kuingia nchini na siga za Kuba mizigoni.

Kuhifadhi

Hapa ndipo siga nyingi zinapofia, na pwani yetu ni mahali pagumu. Siga hupenda nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hewa ya kawaida huvuka nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kwa hiyo siga iliyoachwa kabatini itavimba, itaota ukungu, au itatoboka.

Atoboaye ni mdudu wa tumbaku, kahawia, urefu wa milimita 2 hadi 3. Mayai yake hulala ndani ya jani na huanguliwa joto likivuka nyuzi 24 hivi. Dalili ni tundu la mviringo, safi kama la sindano ya kushonea magunia, na unga mwembamba chini ya kasha. Ukiliona hata moja, tenga siga zote, zifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki yenye zipu, uitoe hewa, weka kwenye friji siku moja, kisha friza ya nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri siku tatu, kisha friji siku moja tena, ndipo uziache zirudi joto la chumba ndani ya mfuko uleule. Ukiruka ile siku ya friji, capa itapasuka kwa mabadiliko ya ghafla.

Huhitaji kasha la fahari. Kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, lisilo na harufu ya vitunguu wala sabuni, pamoja na pakiti ya kurekebisha unyevu, inayotoa na kufyonza, linafanya kazi kuliko kasha la mbao la bei nafuu linalovuja. Pwani tumia pakiti ya asilimia 62 au 65, kwa sababu chumba chenye joto kinataka unyevu wa chini. Muscat na Dubai, ambako kiyoyozi hukausha hewa mchana kutwa, 69 ni sawa. Nairobi, 65 au 69. Kontena likae chumba chenye baridi kuliko vyote, chini kabisa ya kabati, mbali na dirisha.

Ukiwa na kasha la mbao, ubao wake wa ndani huwa wa mti wa Cedrela odorata, uleule ulioletwa Afrika Mashariki kama mti wa kupandwa na ukaenea hadi ndani ya msitu wa Kimboza, Morogoro. Kasha jipya lisitiwe siga kabla ya wiki mbili. Weka ndani pakiti za asilimia 84, au kibakuli kidogo cha maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ulifunge, uache ubao unywe taratibu. Usiufute kwa kitambaa chenye maji, ubao hupinda.

Kipimaunyevu husema uongo mara nyingi, kwa hiyo kijaribu. Jaza chumvi kwenye kifuniko cha chupa ya soda, tia matone machache ya maji hadi iwe kama mchanga mbichi bila maji kusimama, kiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa zipu kwa saa 12. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, basi kumbuka kuongeza 5 kila usomapo.

Siga iliyosafiri kwa ndege iache itulie wiki mbili au tatu. Ikitoa harufu ya amonia, ile ya choo kisichofunguliwa madirisha, bado ni changa: irudishe ndani kwa miezi, si kwa siku.

Kukata

Kwanza ibonye taratibu kwa kidole gumba na cha shahada, toka mguu hadi kichwa. Inapaswa kuitika na kurudi, kama chapati iliyotulia. Ikitoa mlio wa kukwaruza ni kavu. Ukikuta fundo gumu mahali pamoja, hapo ndipo moshi utakapokwama; lizungushe fundo hilo kati ya vidole kwa dakika moja kabla ya kukata.

Katika kukata, kosa kubwa ni kuzidisha. Ondoa milimita 2 tu, juu ya mstari wa mwisho wa kofia. Ukishuka chini ya mstari huo, capa haina cha kuishikilia, na itaanza kufunguka midomoni kama mkeka ulioachia ukili. Kama una kikatio cha visu viwili, kilaze mezani, simamisha siga kichwa chini ndani ya tundu lake mpaka kiguse meza, kisha kata kwa mkupuo mmoja. Meza itakupimia kina. Asiye na kikatio atumie wembe mpya. Meno hayakati, yanapasua. Siga yenye ncha iliyochongoka, kama Montecristo No. 2, kata kidogo, jaribu, kata tena.

Sasa vuta kabla hujawasha. Mvuto huu mkavu una mengi: nyasi kavu, zabibu, ubao. Unapima pia njia ya hewa. Iwe kama kunywa juisi ya ukwaju kwa mrija: kuna ukinzani, lakini inakuja. Ikija kama hewa tupu, itaungua kwa moto mkali. Ikigoma kabisa, pitisha sindano ndefu nyembamba ya kufumia toka kichwani hadi sentimita 5 ndani, ukiizungusha bila kusukuma kwa nguvu. Irekebishe sasa, ikishashika moto, kazi hii inakuwa ngumu mara mbili.

Kuwasha

Zima feni. Pangaboi likizunguka juu ya kichwa, siga itaungua upande mmoja hata ungekuwa fundi wa miaka 20.

Tumia kiberiti cha gesi au njiti ndefu za mbao. Kiberiti cha petroli huacha ladha ya petroli hadi nusu ya siga, na mshumaa huacha nta. Njiti nayo ingoje kichwa chake kiishe kuungua, ndipo uisogeze.

Ishike siga mkononi, si mdomoni, mguu umeinama nyuzi 45, na moto uwe sentimita 2 chini yake, usiguse jani. Zungusha. Angalia ukingo: utabadilika toka kahawia kuwa mweusi unaong'aa, kwa sababu mafuta yanachemka, kisha utaota mstari wa kijivu. Sogeza joto kuelekea katikati mpaka mguu mzima uwe mweusi na vidoa vya rangi ya chungwa vianze kutokea. Hii huchukua sekunde 20 hadi 30, na kuikimbiza ni kununua ubishi wa saa nzima. Sasa tia mdomoni, moto ukiwa karibu zaidi, na uvute mara tatu au nne fupifupi huku ukizungusha. Ondoa, pulizia mguu kwa upole. Ukiwaka duara zima sawasawa, umewasha. Palipobaki peusi, pape moto tena.

Kuonja

Mvuto mmoja kwa dakika. Hicho ndicho kipimo, na saa ya mkononi inasaidia siku za mwanzo. Vuta kwa sekunde mbili, uache moshi mdomoni sekunde tatu hadi tano, uuzungushe kwa ulimi kama unaonja mchuzi kujua kama chumvi imekolea, kisha utoe. Mwenye mazoea ya kupiga pafu la sigara ajizuie: moshi wa siga usishuke kifuani.

Nusu ya ladha iko puani. Ukiisha kutoa moshi mwingi, funga mdomo na usukume mabaki kidogo tu, robo ya moshi uliokuwapo, kwa pua, polepole. Mara ya kwanza itawasha kama pilipili manga. Mara ya tano utaanza kutofautisha. Fanya hivyo mara moja kila mivuto mitano. Kufanya hivyo kila mvuto ni kuichosha pua.

Tenga mambo manne ambayo watu huyachanganya. Kuna ladha ya ulimi: utamu, chumvi, uchachu, uchungu. Kuna harufu ya puani. Kuna uzito wa moshi mdomoni, kama tofauti ya maji na tui zito. Na kuna nguvu, yaani nikotini, ambayo hujulikana tumboni na kichwani, si mdomoni. Siga inaweza kuwa na moshi mzito na nguvu ndogo.

Wa pwani ana faida: pua iliyokulia jikoni penye viungo. Kabla ya kuwasha, nusa kwa zamu pilipili manga, mdalasini, kakao, buni iliyokaangwa sasa hivi, korosho na asali. Ongeza jamvi jipya, ngozi ya kiatu kipya, na udongo uliodondokewa na mvua ya kwanza. Hayo yote yamo katika siga za Kuba kwa nyakati tofauti, na ni rahisi kukitambua kitu ulichokinusa dakika kumi zilizopita.

Siga hubadilika, na Wafaransa wana maneno matatu yenye vina kwa theluthi zake: foin, divin, purin, nyasi kavu, utukufu, samadi. Theluthi ya kwanza ni nyepesi. Ya pili ndiyo yenye asali, kahawa na korosho, na ndipo unapostahili kunyamaza ukasikiliza. Ya tatu huwa nzito kwa sababu majani ya mwisho yamekuwa yakichuja lami na unyevu wa moshi wote uliotangulia. Si lazima iwe mbaya. Punguza mvuto uwe mmoja kwa dakika moja na nusu, na nyingi zitabaki tamu.

Jivu liache likue hadi sentimita 2 au 2.5. Linakinga moto usipate hewa nyingi. Usiligongegonge; liegemeze kwenye ukingo wa kisahani na uzungushe, litadondoka lenyewe. Pete ya karatasi ivue baada ya theluthi ya kwanza, joto likishalainisha gundi. Ukiivua mapema, capa hung'oka nayo.

Kuhusu kinywaji: Kuba yenyewe huiweka pamoja na ramu iliyokaa pipani au kahawa nyeusi. Kwetu hakuna mwenza bora kuliko kahawa chungu ya dele, kikombe kidogo, na kipande cha kashata ya nazi pembeni. Kahawa husafisha ulimi, kashata hurudisha utamu. Maji ya kawaida yawepo daima. Soda ya baridi sana hufisha ulimi. Na usivute ukiwa na njaa.

Inapokwenda kombo

Ikiungua upande, chanzo ni kuwasha vibaya, upepo, au ligero lililokaa pembeni. Geuza upande unaochelewa uwe chini, kwa kuwa upande wa chini hupata hewa zaidi, na usubiri mivuto mitatu. Isipopona, gusa palipochelewa kwa moto kidogo.

Ikitoboka katikati huku ukingo umesimama, unavuta kidogo mno au capa ina unyevu. Angusha jivu, washa ukingo wote upya.

Ikizimika, si aibu. Dondosha jivu, pasha mguu moto, pulizia nje kwanza ili moshi mchakavu utoke, ndipo uvute. Baada ya saa moja usihangaike nayo.

Ikiwa ya moto chini ya vidole na laini kichwani, umeiharakisha. Iweke chini dakika mbili, na usivute kufidia muda.

Ukianza kutoka jasho baridi na kuhisi kichefuchefu, hiyo ni nikotini. Acha, kaa penye hewa, kunywa chai yenye sukari ya kutosha. Hutulia ndani ya muda mfupi, lakini siga ile isirudiwe siku hiyo.

Kikibaki kipande cha sentimita 4 na moshi umeanza kuwa wa moto, umefika. Usikikandamize kama kichungi cha sigara. Kukiponda ndiko kunakoleta ule uvundo unaokaa kwenye mapazia. Kilaze kisahani, kitajizimikia ndani ya dakika tano. Kikipoa kabisa, kitoe nje ya nyumba usiku uleule pamoja na majivu, na kisahani kioshwe kwa maji ya moto na ndimu.